Mama mkwe kanikuta na selotepu

Laurence, nimeumbuka. Mama yake mchumba wangu Jean Bosco kaja huku Mishamo bila taarifa, kanikuta uani nabandika na kubandua selotepu kama chizi.

Nikamwambia ni utafiti wa chuo. Nalichuna jiwe kwa selotepu hadi libaki tabaka moja tu la atomi, likimulikwa linang'aa.

Akauliza linang'aa kwa nini.

Si nikaropoka. Nikasema elektroni na pengo lake, yaani nafasi aliyoiacha, wanashikana kama mke na mume, ndo eksitoni, wakikumbatiana kabisa mwanga unatoka. Matabaka yakirundikana yanawaingilia, wanalegea.

Mke na mume, Laurence. Mbele ya mkwe.

Akaniambia: "Basi mkioana mtakaa huko Ilembo peke yenu. Kile chumba nilichowaandalia kwangu nitawekea mahindi."

Unajua nilivyokuwa nakiogopa kile chumba. Nimeinamia selotepu nisicheke.