Dada Yako na Uwanja Unaopanda Lori

Akhmim, Mkoa wa Sohag,
Misri.
9 Novemba 2022

Mpendwa kaka Shauki,

Amani ikufikie huko Melbourne, wewe na wifi yangu Lubna. Moyo wako unaendeleaje? Uliniandikia kwamba daktari amekukataza chumvi, nami nikamhurumia daktari, maana nakujua wewe na jibini ya mtungini. Msikilize lakini, kaka. Tumebaki wachache wa kumwita baba yako ami.

Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mume wangu Bahgat ametolewa mtoto wa jicho. Sasa anaona vizuri mno, hata ananionyesha vumbi lililo chini ya kabati ambalo kwa miaka mitano lilikuwa likiishi kwa amani. Mimi bado nafundisha jiografia, umebaki mwaka mmoja nistaafu.

Sasa nijibu swali lako. Katika barua ya mwezi wa nane uliniuliza jambo moja, ukalipigia mstari mara mbili: je, dada yako Ragia amerukwa na akili? Ulisema mwanamke wa miaka hamsini na tisa, bingwa wa zamani, mwenye goti bovu, hauzi nyumba nzuri ya Aleksandria ili azunguke mashambani na lori la mbao. Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa nimeona kwa macho yangu. Sasa nimeona. Amekaa nasi Akhmim siku kumi, na nimekaa uwanjani kwake kila alasiri, kwa hiyo nisikilize mimi, usiwasikilize wanaopiga simu kutoka Kairo.

Aliingia Jumamosi asubuhi, yeye na fundi wake, Ami Shahat, seremala wa Dumyati anayezungumza na mbao zaidi kuliko anavyozungumza na watu. Mkuu wa kituo cha vijana alikuwa amewapa kiwanja cha nyuma kwa siku kumi. Walishusha sakafu vipande vipande, kisha kuta tatu za mbao nyeupe, kisha ukuta wa nyuma wa plastiki angavu ili watu waone ndani. Kufikia adhuhuri chumba kizima cha skwoshi kilikuwa kimesimama pale ambapo jana yake mbuzi walikuwa wakilala. Nilishika kona moja nikaitikisa. Haikutikisika hata chembe.

Watu wa mji wetu unawajua. Walikuja wote, wakasimama, wakacheka. Mmoja akauliza kama samaki watawekwa lini. Mwingine akasema serikali imeanza kujenga jela za vioo ili wafungwa wasichoke kututazama. Kucheza, hakuna aliyetaka. Siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili.

Hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia dada yako. Mimi ningelia, au ningewatukana. Yeye alifunga goti lake kwa kitambaa, akaingia ndani peke yake, akacheza na ukuta. Saa nzima. Mpira ule mdogo mweusi ulikuwa ukitoka na kurudi kwenye raketi yake kama unaitwa kwa jina. Hakumtazama mtu. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kikaisha, ikabaki sauti ya mpira.

Siku ya tatu akapita Nabawiya. Humjui, ni mwoka mikate wa mtaa wetu, ana watoto watatu na ulimi mkali. Alikuwa na sinia ya mikate ya jua kichwani, ile inayoumukia juani. Akasimama, akatazama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni:

"Dada, huo ukuta umekukosea nini?"

Ragia hakugeuka. "Ingia umuulize mwenyewe."

"Nikiingia ataniomba mkate."

"Mpe. Ana njaa tangu Jumamosi."

Watu wakaangua kicheko, safari hii cha wema. Nabawiya akanipa mimi sinia nishike, akavua ndala, akaingia na gauni lake refu. Ragia akamwonyesha mambo mawili tu: mpira lazima upige ukuta wa mbele juu ya bati, ule ukanda wa chini ukutani, na usidunde sakafuni zaidi ya mara moja kabla hujaupiga. Pigo la kwanza alipiga hewa. La pili akapiga goti lake mwenyewe. La tatu, kaka, alipiga kama anavyosukuma mkate tanurini, mkono chini, kiganja kikigeuka mwishoni, na mpira ukaambaa ukutani hadi pembe ya nyuma ukafia hapo. Ragia aliufuata mpira, akauokota. Kisha akamwambia, "Rudia." Akarudia. Nilimwona dada yako akiweka mkono mdomoni.

Kesho yake walikuja wanawake sita, keshokutwa kumi na tisa. Walikuja wafumaji, wauguzi, wanafunzi wangu wa kike wa darasa la tatu la sekondari, hata mama mkwe wa mfamasia. Ragia alimfundisha kila mmoja kwa subira ile ile, bila kupandisha sauti. Jioni alikuwa akiweka goti kwenye beseni la maji baridi nyumbani kwetu, akiimba.

Shida ikatokea siku ya sita. Kiwanja kile ndicho vijana wa mpira wa miguu wanachezea, na nahodha wao, Diyab, fundi pikipiki mwenye miaka ishirini na mitano hivi, alikuwa amevumilia vya kutosha. Alikuja na timu nzima nyuma yake.

"Mama," akasema kwa heshima, ila macho yamekaza, "hili sanduku lako limekaa juu ya penati yetu. Tuna mechi na Girga Jumatatu. Liondoe."

"Nimepewa siku kumi, mwanangu."

"Umepewa na ofisi. Sisi hatukuulizwa."

Ragia akasema maneno ambayo hata mimi yalinishtua. Alisema Diyab ana haki, kweli hawakuulizwa. Basi yamalizwe ndani ya sanduku: mchezo mmoja, na aliyeshindwa aondoke bila kinyongo. Diyab akacheka, akasema hawezi kushindana na bingwa.

"Hutacheza nami," Ragia akasema. "Utacheza na yule." Akamwelekeza Nabawiya, aliyekuwa akijifuta unga.

"Mwenye mikate?"

"Mwenye mikate. Ana siku tatu. Wewe nakupa mbili ujifunze, na nitakufundisha mimi mwenyewe."

Na alimfundisha, kaka! Asubuhi mbili mfululizo alimfundisha kijana anayetaka kumfukuza, akimrekebishia mkono kama anavyowarekebishia wanawake, bila kumficha kitu. Nilimvuta pembeni nikamuuliza ana nini. Akanijibu, "Itidal, nimekuja kufundisha. Sikuja kuwinda."

Siku ya mchezo mji ulihamia pale. Jambo lililotusumbua sisi wanawake lilikuwa mume wa Nabawiya. Khalaf ni mpakiaji wa matofali, mtu mkubwa asiyesema. Mkewe alikuwa amemwambia anapeleka mikate. Sasa akaonekana amesimama karibu na lori, mikono kifuani, na hakuna aliyejua atafanya nini. Tukajipanga mbele yake kama pazia, kana kwamba pazia la wanawake watano litamzuia mtu yule asione.

Walikubaliana wa kwanza kufika kumi na moja ameshinda, hata kwa pointi moja. Diyab alianza kwa nguvu; alipiga mpira ule kana kwamba anavunja mlango, na kwa miguu ile ya mpira alikuwa kila mahali. Sita kwa mbili. Wenzake wakaanza kuimba. Nabawiya alikuwa anahema, kitambaa cha kichwani kimelowa. Ndipo sauti nzito ikanguruma nyuma ya pazia letu:

"Polepole, mama Zainabu! Acha kumfuata nguvu zake! Mtilie pembeni!"

Alikuwa Khalaf, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. Baadaye tuligundua kwamba amekuwa akija kila siku tangu Jumatatu na kujificha nyuma ya lori, na mchezo anaujua kuliko sisi sote. Nabawiya alicheka mle ndani mpaka akaegemea ukuta. Kisha akamsikiliza. Kila Diyab alipopiga kwa nguvu, yeye akaudokoa mpira taratibu, ukagusa juu tu ya bati na kuanguka. Saba kwa sita. Tisa kwa tisa. Kumi kwa kumi.

Pointi ya mwisho ilikuwa ndefu. Diyab alipiga chini, pembe ya kushoto. Nabawiya akajinyoosha hadi goti likagusa mbao, akauchota mpira, ukagusa ukuta, ukafa. Vigelegele! Mama mkwe wa mfamasia alinikumbatia, mtu ambaye hatujasalimiana tangu arusi ya binti yake. Wanawake walikuwa wanaruka.

Nabawiya akainua raketi. "Nyamazeni. Umedunda mara mbili kabla sijaupiga."

Ragia ndiye aliyekuwa mwamuzi. Akasema yeye hakuona.

"Mimi nimeona. Nilikuwa karibu."

"Mwendawazimu we! Nani kakutuma useme?" mama mmoja akampigia kelele.

"Nikikuuzia mkate mbichi leo, kesho utarudi kwangu?" Nabawiya akajibu, akafungua mlango, akatoka.

Nilimtazama Ragia. Alimpa Diyab mkono, akatangaza kwamba ameshinda kumi na moja kwa kumi, kisha akamgeukia fundi wake. "Ami Shahat, anza na ukuta wa nyuma." Mzee akachukua spana. Tulisikia parafujo ya kwanza ikilia.

Diyab alikuwa bado amesimama ndani, jasho likimtiririka, peke yake kwenye chumba cheupe. Wenzake walimpigia makofi, hakuwatazama. Akatoka, akamshika Ami Shahat mkono wenye spana.

"Iweke chini, ami."

"Umeshinda, kijana. Niache nifanye kazi."

"Nimeshinda, na mama yangu yumo kati ya hawa wanaonitazama. Nikirudi nyumbani na ushindi wa namna hii atanifungia mlango." Akamwendea Ragia, akainamisha kichwa. "Mama, liburuteni tu mpaka kule kwenye ghala la kituo. Tuachieni penati yetu. Tutabeba sisi."

Walibeba. Wachezaji kumi na mmoja na wa akiba, wafumaji, wauguzi, Khalaf akibeba ukuta mzima peke yake kama anabeba mto wa kulalia. Ami Shahat aliwakemea mpaka sauti ikamkauka, akisema mbao si magunia ya vitunguu. Kabla ya magharibi uwanja ulikuwa umesimama kando ya ghala. Mtu wa kwanza kuingia tena alikuwa Diyab, akimwomba Nabawiya marudiano. Huyo mwenye mikate amemfunga mara nne tangu siku ile.

Sitaki udhani kila kitu kimekuwa asali. Wapo wanaonung'unika. Wanafunzi wangu wawili wamekatazwa na baba zao. Nyumbani kwa mmoja wao nimeshakunywa chai mara tatu nikimwombea ruhusa na bado sijapewa jibu. Lori limeondoka, liko Girga wiki hii. Lakini Ami Shahat alituwekea bati na mstari mwekundu kwenye ukuta wa ghala, Ragia akatuachia raketi kumi na moja, na Nabawiya anafundisha Jumanne na Jumamosi akishamaliza kuuza mikate. Kwa hiyo jibu langu ni hili: dada yako ana akili kuliko sisi sote tuliobaki na nyumba zetu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike kwa mkono badala ya kupiga simu. Siku ya kuondoka nilimuuliza kwa nini ameanzia Sohag, si Kairo kwenye watu wengi. Akaniambia habari za Karima, binti wa mfagizi wa klabu aliyochezea utotoni. Walikuwa na umri mmoja. Karima hakuruhusiwa kucheza, ila Ijumaa wakati wanachama wako msikitini Ragia alimfungulia mlango wa nyuma, wakacheza. Miaka miwili, na Ragia hakuwahi kumfunga hata mara moja. Kisha wakakutwa. Mfagizi akafukuzwa, familia ikarudi kwao Sohag, na Ragia hakumwona tena.

"Kila kombe nililoinua," aliniambia, "nilijua linatakiwa kuwa mikononi mwa nani."

Katika kila mji anauliza: mwanamke wa miaka sitini hivi, jina Karima, alizaliwa Aleksandria. Akhmim hakumpata. Ragia hajui jina kamili la baba wa Karima wala kijiji chao, kwa sababu alikuwa mtoto na hakuuliza. Lakini wewe, kaka, ulikuwa mkubwa, na ulikuwa unakwenda klabuni na baba yako kila wiki. Kaa chini ukumbuke. Mfagizi yule aliitwa nani? Walikuwa watu wa wapi? Usimwandikie Ragia habari za goti wala za nyumba. Mwandikie jina hilo.

Nisalimie Lubna na mwanao Tamim. Bahgat anakusalimu, na mama pia, ambaye bado anakuita kwa jina la utotoni nisilothubutu kuliandika. Mungu akuzidishie umri na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi, nikupendaye siku zote,
Itidal