Harusi ya Majaribio

Noonkopir, Kitengela
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mwaitu mpendwa, mama yetu,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Katee, ambaye amekaa hapa kando yangu akimenya njegere na kuniuliza kila mara nimefika wapi. Sisi tuko wazima. Kile kikohozi chake kilichokuwa kikikunyima raha kimeisha, na sasa anaimba kwaya ya watoto kwa sauti inayofika mpaka kwa jirani. Wewe hujambo? Goti limepoa? Mvua imewafikia huko Makueni, ama bado mnaangalia mawingu yakipita? Hapa ilinyesha kidogo, ya kulaza vumbi tu, na hata hiyo tukashukuru.

Najua utashangaa kupata bahasha na sisi tunaongea kwa simu kila wiki. Kwanza, uliniuliza juzi ni kazi gani hii ya kubonyeza simu mchana kutwa, na mtandao ukakatika kabla sijakueleza. Halafu kuna neno ambalo nimejaribu kukuambia kwa simu nikashindwa. Naona karatasi itanivumilia zaidi. Acha nianze na kazi, maana hilo neno limetoka humo humo.

Unakumbuka Madam Nyawira aliniajiri katika kampuni yake ya kupanga sherehe mwaka uliofuata baada ya kumzika Kisilu wetu, mwanao na mume wangu. Tunakodisha hema, viti na mapambo, kuanzia hapa Kitengela mpaka Kajiado mjini. Mimi niko upande wa mapambo na kuongea na wateja. Msimamizi wa hema ni Gitonga, yule mtu wa Nyeri, mrefu, anayeongea polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nimekutajia jina lake mara nyingi, na mara nyingi nilikuwa nikimlalamikia.

Shida yetu ilikuwa mawazo kupotea. Mteja ananiambia jambo, naliandika kwa simu yangu. Gitonga anaambiwa lingine, analiweka kichwani. Dereva wetu Roy anasikia la tatu njiani. Yote yanatupwa kwa grupu letu la WhatsApp, katikati ya mizaha na mistari ya Biblia. Basi siku moja bibi harusi wa hapa Noonkopir alibadilisha rangi, kutoka maruni hadi rangi ya chungwa, na ujumbe wake ukafika siku ya kuzaliwa ya Roy. Ukafunikwa na keki na pongezi, hakuna aliyeuona. Msichana wa watu akaingia ukumbini akakuta kila kitu ni maruni, akasimama mlangoni akalia na shela lake. Tulimwomba mchungaji arefushe nyimbo huku tukikimbia kutafuta vitambaa. Alitusamehe, lakini Madam hakusahau. Jumatatu alituita yadini, pale tunapohifadhi hema, akasema kampuni haiwezi kuendeshwa kwa bahati. Akataka tutafute apu moja ya kuandikia kila kitu, ambayo kila mfanyakazi ataiona, na akatuambia tutakapokubaliana, hakuna mtu atakayeandika kwingine tena.

Apu, Mwaitu, ni kama chumba ndani ya simu. Mnaweka vitu humo, na kila mwenye ufunguo anaviona hata akiwa mbali. Baada ya kuangalia nyingi tukabaki na mbili. Majina yake ya Kizungu yalikuwa yanatushinda, kwa hivyo tukayabatiza. Ya kwanza tuliiita Kabati, kwa sababu iko na rafu na droo: kila sherehe ina ukurasa wake, ndani yake kuna orodha, picha, na jedwali la nani anafanya nini. Tena inaweka kumbukumbu: mtu akibadilisha jambo, unaona ni nani na lini. Hiyo ndiyo niliipenda. Ya pili tuliiita Ukuta. Hiyo ni kama ukuta wa kubandika vikaratasi vya rangi. Wazo likikujia unalibandika papo hapo, hata kwa kuongea tu, nayo inaandika. Gitonga aliipenda hiyo. Alisema vijana wake wakiwa juu ya ngazi hawana nafasi ya kufungua droo.

Tulibishana mpaka watu wakaanza kuketi pande mbili wakati wa chai. Mimi nilisema Ukuta ni fujo iliyopakwa rangi. Yeye akasema Kabati ni nzuri kwa mtu anayependa kupanga kazi kuliko kuifanya. Hilo liliniuma, na nilikaa siku kadhaa nikimsalimia kwa kichwa tu.

Madam akaamua tuzijaribu zote mbili. Hakutaka tujifunzie kwa mteja, kwa hivyo akatuamuru tubuni harusi isiyokuwepo. Bibi harusi tukamwita Valerie, bwana harusi tukamwita Waweru, na kila mfanyakazi akaambiwa atoe mawazo yake katika apu zote mbili. Mimi na Gitonga ndio tungeamua lipi likubaliwe, halafu tungemwambia Madam ni apu gani ilitusaidia zaidi.

Mwaitu, hatukutegemea kwamba tungefurahi namna ile. Wengine walileta mizaha, Roy akataka bwana harusi aje na punda. Lakini mimi na Gitonga tulilazimika kukaa chini na kuamua, na kila tulipoamua tulijikuta tunasema yale ya moyoni. Mimi nilitaka harusi ya asubuhi, kwenye nyasi, wageni wachache, bila mtu wa kupiga kelele kwa kipaza sauti. Nikashangaa yeye pia hapendi kelele. Nikaweka muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe kwa chakula, yeye akaweka mukimo wao wa viazi. Tukabishana juu ya hicho chakula cha watu wasiokuwepo hadi Madam akapita akacheka, akasema hao Valerie na Waweru watakula vyote viwili. Siku moja Gitonga aliniuliza kama Valerie ana mtoto. Nikamuuliza kwa nini. Akasema tu kwamba kama yuko naye, mtoto akae mbele pamoja nao, asiachwe nyuma na wageni. Niliandika hivyo hivyo.

Kisha ikaja harusi ya kweli, ya jamaa wa Kimasai nje kidogo ya Kajiado mjini, na Madam akasema huo ndio mtihani. Watu wangu walitumia Kabati, wake Ukuta. Tulipofika kule tukakuta mtandao hakuna kabisa. Nilifungua Kabati, ikanionyesha ukurasa mweupe kama shuka. Vikaratasi vya Gitonga vyote vilikuwa hapo kwenye simu za vijana wake, maana Ukuta haihitaji mtandao ukishaifungua. Vijana wakaanza kazi huku mimi nimesimama na simu yangu. Nikajua nimeshindwa.

Lakini walipofika kwa hema la wazee wakasimama. Kulikuwa na vikaratasi viwili. Kimoja kilisema hema liangalie barabara, kingine kilisema liangalie kilima, na hakuna aliyejua kipi ndicho cha mwisho. Mama ya bibi harusi, ambaye ndiye angejibu, alikuwa amekwenda kanisani na wengine. Gitonga alikuja akasimama mbele yangu.

“Mukai,” akaniambia, “wewe uko na jibu. Lakini limefungiwa.”

“Limefungiwa,” nikasema.

“Basi tukalitafutie mtandao.”

Tulipanda kile kilima chenye miiba, mimi nimeshika viatu mkononi, tukiinua simu juu kila baada ya hatua kama watu wanaoomba mvua. Karibu na kilele simu ikashika. Kabati ikafunguka, na pale ilikuwa wazi kwamba mama mwenyewe alikuwa amebadilisha: hema liangalie kilima, ili jua la mchana lisiwapige wazee usoni. Gitonga akapaaza sauti kwa vijana kule chini. Tukabaki pale kidogo tukipumzika, tukiangalia turubai jeupe likiinuka, na nikacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Waliporudi kutoka kanisani nilimsalimia yule mama kwa Kimasai, “Takwenya,” naye akaitika, “Iko,” akaangalia hema, akanishika mikono yote miwili. Sherehe ikawa njema. Tulikula nyama mpaka Roy akashindwa kuendesha, ikabidi alale kidogo kwanza.

Jumatatu Madam alitukalisha atoe uamuzi. Nilijua atachagua Ukuta, na nilikuwa nimejitayarisha kukubali bila uso wa kununa. Kabla hajasema, Gitonga akaomba nafasi. Akasema Jumapili yote alikuwa akichunguza Kabati, apu yangu, na amekuta ndani yake kuna mahali pa kubonyeza ili ukurasa uhifadhiwe kwa simu, usomeke hata bila mtandao. Ni sisi hatukuwahi kupabonyeza. Akasema kwa hivyo Kabati inaweza yote ambayo Ukuta inaweza pale uwanjani, tena inaonyesha neno la mwisho ni lipi, na vijana wake atawafundisha mwenyewe. Madam akamuuliza kama anajua ameishinda apu yake kwa mdomo wake. Akasema anajua, lakini hangenyamaza wakati ameona.

Nilimwangalia yule mtu, Mwaitu. Ningekuwa mimi, sina hakika ningesema.

Tukachagua Kabati. Mpaka leo hakuna rangi iliyopotea tena, na Madam amenipa kusimamia kazi zote za upande wa Kajiado, jambo ambalo nilitaka ulisikie kutoka kwangu. Kisha akatuambia tufute ile harusi ya majaribio, isije ikachanganywa na za wateja. Nilikuwa yadini, viti vikihesabiwa, nimeshika simu tayari kufuta, Gitonga akaja.

“Usiifute kwanza,” akasema.

Nikamuuliza ya nini, na hao watu hawapo.

“Valerie na Waweru hawapo,” akasema. “Lakini mambo yote yaliyomo ni yetu sisi wawili. Mimi ningependa kuiona hiyo harusi kwa macho, na Katee ameketi mbele. Kama hutaki, ifute, na kesho nitakusalimia kama kawaida.”

Sikuifuta.

Hilo ndilo neno, Mwaitu. Nimelibeba wiki hizi zote. Gitonga ameniomba tuoane, na moyo wangu umekubali, na sijamwambia mzazi mwingine kabla yako. Hata mama yangu wa kunizaa bado hajui. Kisilu sijamsahau, na siku yetu ya harusi sijaisahau, mvua ikitupiga na wewe ukinifunika leso yako ukaloa mwenyewe. Tangu siku hiyo hujaniita mke wa mwanao, umeniita mwanangu. Mtoto hafichi jambo kama hili nyumbani kwao, wala hafanyi kabla ya kusikia wazazi wanasemaje.

Naomba usiogope kwa ajili ya Katee. Ana jina lako na atabaki nalo, pamoja na jina la baba yake. Nilipomweleza, hakuuliza mambo ya harusi. Aliuliza kama Desemba bado atakuja kwako, kwa Susu, bibi yake, kuvuna maembe. Gitonga ndiye aliyejibu, akamwambia kwamba mtu asiyemleta Desemba kwa Susu yake hafai kuwa kwa nyumba hiyo.

Amesema hawezi kwenda kwa wazazi wangu kabla ya kuja kwako, kusimama kwako na kwa kaburi la Kisilu. Tunataka kuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Kama moyo wako haujawa tayari kumwona, sitakulaumu hata kidogo. Atatufikisha mjini Wote, atusubiri huko akila chapati, sisi tupande kwako. Nipigie simu useme neno moja tu, “watatu” au “wawili”. Ukisema wawili, tutakuja wawili, na nitakukanda goti kama siku zote.

Nisalimie shemeji Kitheka na watoto wake, na mama wa jirani mwenye mbuzi watundu. Katee anakusalimia na amenilazimisha niandike kwamba njegere zote amezimenya peke yake. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema na mvua ya kutosha.

Ni mimi, mwanao,
Mukai

Mwaitu, nilikuwa nimeifunga bahasha, simu ikalia. Ni wewe, na hata salamu hukumaliza. Umesema Kitheka alikutana sokoni Wote na Roy, aliyekuja kusalimia kwao huko, na Roy hajui kuweka siri. Umeuliza huyo mtu wa Nyeri anakula muthokoi ama itabidi utafute viazi. Kisha ukasema “watatu”, ukakata. Barua naituma hata hivyo, nataka uwe nayo.