Kitasa Upande wa Bawaba

Mtaa wa Kinu cha Zamani,
Hawick, Uskoti.
14 Machi 2009.

Mpendwa Shangazi Netta,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta unatembea vizuri, goti limepoa, na huko Dunedin jua bado lipo. Angus hajambo? Sisi hapa ni wazima, mvua inatunyeshea kama kawaida yake, ila leo hata mvua siioni. Nina furaha, shangazi, mpaka mwandiko unayumba. Nivumilie.

Unajua kwamba tangu baba apate kiharusi, mkono wake wa kulia unatetemeka. Kilichokuwa kinaniumiza zaidi ni yeye kuacha useremala. Alizifunga patasi zake kwenye matambara, akasema fundi anayetetemeka ni mharibifu wa mbao za watu. Mtu aliyetia vitasa karibu milango yote ya mtaa huu akawa wa kukaa dirishani na kuwanung'unikia wapita njia.

Na mimi na mume wangu Rab ndiyo kwanza tumenunua nyumba, ya zamani, haina hata mlango mmoja wa ndani. Baba alikuwa ameahidi kuitia milango yote kwa mkono wake. Kuleta fundi mwingine kungekuwa kumzika angali hai. Basi tukatundika mapazia, hadi chooni. Ukiingia huko unaimba, ili mwenzio ajue kuna mtu. Mama mkwe alikuja kukaa siku mbili, akaondoka asubuhi ya pili bila kueleza sababu.

Ndipo mume wangu akaleta jigi. Ni kifaa cha chuma: unakibana kwenye ukingo wa mlango, kinashika keekee ya kutobolea mbao isiyumbe, na tundu la kitasa linatoka limenyooka hata kama mkono wako unacheza ngoma. Baba alipokiona alikunja uso. Akasema huo ni mkongojo wa wasiojua kuchonga, na yeye hajafikia huko. Unamjua Rab, mpole, lakini ujanja anao.

Jumamosi iliyopita tukamwalika baba chai. Rab akaulaza mlango mpya wa choo pale jikoni, akaibana jigi upogo makusudi, akawasha keekee. Baba alivumilia kikombe kimoja tu.

"Toka hapo, muuaji wa mbao," akamwambia.

Akaibana upya mwenyewe, akachimba, akaomba patasi akazisafisha kona polepole. Kitasa kikazama chote kwa kusukumwa na kidole gumba. Shangazi, nilijifanya naosha vyombo ili asinione ninavyolia.

Tukaunyanyua mlango kuupeleka kwenye fremu. Hapo Rab akabadilika rangi. Kitasa kiko upande wa bawaba! Kimenyooka, kimekaa vizuri ajabu, kinatazama ukutani. Jigi inajua kunyoosha tundu, haijui mlango unafungukia wapi. Na kuugeuza haiwezekani, maana nyumba hii imepinda na mlango ulisharandwa kufuata upinde wake. Nikajisemea, basi, yamekwisha, hatashika tena patasi.

Baba akapitisha kidole kwenye kona za lile tundu, moja baada ya nyingine. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Isbel mwanangu," akasema, "hili si kosa la mkono. Ni kosa la kichwa, na kichwa changu kimekuwa hivi tangu ujana. Muulize shangazi yako habari za mlango wa jikoni kwa bibi yako."

Sasa nakuuliza, shangazi: ni kweli bibi alimnyima chakula cha jioni kwa kosa kama hili? Baba anasema ulimfichia viazi mfukoni mwa aproni. Sijui kama nimuamini.

Jioni ile baba alikaa kula nyama ya kusaga na viazi, akaongeza sahani. Jumapili akarudi bila kualikwa, kabeba patasi zake. Akaliziba lile tundu kwa kipande cha mbao, akachimba upande unaostahili, akamtuma Rab huku na kule na kumtukana kwa raha zake zote.

Mlango umesimama, shangazi. Ninapokuandikia, baba yumo chooni, kajifungia. Tunasikia ufunguo: anafunga, anafungua, anafunga tena. Rab yuko nje anabana miguu, na hakuna kati yetu mwenye moyo wa kumgongea.

Msalimie Angus, na binamu Fenella na watoto wake wote. Mungu akutunze na akupe usingizi mwema, ili siku moja uje ujifungie humo na wewe.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Isbel