Vikwazo Ulivyotuletea kwa Simu

Ruponda,
Nachingwea.
8 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Saadi,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Uswisi, na baridi inakutendeaje? Kifua chako bado kinabana? Mimi shangazi yako ni mzima, magoti tu ndiyo yananigomea nikikaa sana kwenye cherehani. Baba yako naye ni mzima. Anakula, analala, anaongoza kamati.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yako huwekwa spika barazani kwa baba yako na kusikilizwa na kila mwenye masikio, na ninayotaka kukuambia si ya spika. Barua hii nimempa Winfrida wa dukani, akifika Dar aipeleke posta.

Nianze na jirani yetu Rashidy. Mwezi wa kwanza aliilima njia ya kwenda kisimani, akapanda ufuta juu yake. Sisi wanawake tukawa tunazunguka mpaka korongoni na ndoo kichwani. Kosa ni lake, simtetei. Lakini wanaume wote wa kijiji hiki walishindwa kwenda kumwambia usoni ang'oe ufuta wake, kwa kuwa Rashidy ana mdomo na ana panga. Wakakaa barazani wanakunywa kahawa na kumlaani kwa sauti ya chini.

Ndipo ukapiga simu wewe, baba yako akakuuliza unasoma nini hasa. Ukawaeleza kwamba mataifa ya siku hizi yasipotaka kupigana humtenga mkosaji: hayamuuzii, hayanunui kwake, hayampokei, mpaka ajirekebishe. Ukasema ni silaha isiyomwaga damu. Wewe ulikuwa unaeleza masomo, wao wakasikia ushauri. Simu ilipokatika baba yako alisimama akatangaza kwamba mwanawe wa sheria za dunia ameshatoa dawa. Nilikuwa ndani nakunja nguo za wateja, nikadhani wanatania.

Hawakutania. Kamati ya maafa, ambayo kazi yake ni kukusanya unga na kuni mtu akifiwa, ikajigeuza Umoja wa Mataifa. Rashidy asisalimiwe, asiuziwe chumvi, mahindi yake yasisagwe, na akifiwa asichimbiwe kaburi. Atakayevunja naye atengwe. Wakaviita vikwazo vya Saadi, watu wazima na ndevu zao, wakavitamka kwa majivuno kana kwamba wamejenga daraja.

Unajua vilimfanya nini Rashidy? Hakuna. Ana pikipiki. Chumvi alinunua Ruangwa, mahindi akasaga Ruangwa, ufuta akauvuna na kuupeleka mnadani kama wenzake, na siku hizi amenenepa. Redioni nasikia nchi zenye vikwazo tangu mimi msichana, na wakubwa wao sijasikia hata mmoja aliyekonda.

Aliyekonda ni mama yake, Bibi Binti, yule mkunga aliyekupokea ulipozaliwa mvua imekata barabara. Yeye hajalima njia ya mtu. Alizoea kukaa mlangoni akisalimiwa na kila apitaye, na ni kwa salamu hizo alikuwa anaishi. Watu wakawa wanapita wamegeuza shingo. Mwezi wa nne akaanza kuvimba miguu. Nilipokwenda kumtazama hakuniuliza habari ya dawa. Aliniuliza, "Safina, hivi mie n'kifa, hawa watakuja?" Nikamwambia watakuja. Wakati huo nilikuwa bado nawahesabu kuwa watu.

Nikamfuata baba yako. Akanijibu kwa upole wa hakimu kwamba Bibi amesamehewa, vikwazo havimhusu, kwa kuwa wewe ulisema chakula na dawa huachwa nje. Kweli walitangaza, hata msikitini. Basi alipozidiwa nikaenda kwa bodaboda nimtafutie wa kumpeleka hospitali Nachingwea, maana Rashidy alikuwa Ruangwa kwenye mnada wake na simu haipatikani. Wa kwanza akasingizia tairi. Wa pili akasema anasubiri mteja. Wa tatu, mkweli peke yake, akasema, "Shangazi, bibi kasamehewa, ila uwanja ni wa Rashidy. Nikionekana pale, kesho nani atapanda kwangu?" Msamaha ulikuwepo, wa kuutumia hakuwepo. Sijui kama hilo limo kwenye vitabu vyako.

Tulimfikisha jioni, mimi na Zulfa, mke wa Rashidy, kwa lori la mkaa. Akafariki wiki iliyofuata.

Mimi na Zulfa tulimwosha. Shehe wetu alipatwa na mafua ya ghafla, akaja wa Chinongwe. Kaburi alichimba Rashidy na vibarua wawili aliowatoa Ruangwa. Wanaume wetu walikaa barazani kwa baba yako wakisikia majembe, kila mmoja akimtazama mwenzake aanze yeye kuinuka. Hakuinuka mtu. Kibarua mmoja akifuta jasho akaniuliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Nusu ya waliokaa pale barazani ni yeye aliyewatoa matumboni mwa mama zao.

Siku ya tatu baba yako alikuja kutoa pole na kanzu imepigwa pasi. Alisimama nje ya uwanja, akaitoa kwa mbali, maana ndani kuna vikwazo. Zulfa alimwitikia. Mimi nilishindwa, ingawa ni kaka yangu wa tumbo moja.

Na njia ya kisimani bado imelimwa. Nimewauliza Rashidy afanye nini ili haya yaishe. Hawajui. Hakuna aliyewahi kumwambia. Wanasema aliyevileta ndiye ajuaye namna ya kuviondoa. Mimi pia nimeingizwa kwenye vikwazo kwa kosa la kumwosha Bibi, na tangu hapo cherehani yangu haijaona kitambaa cha mtu. Sijutii.

Kwa hiyo piga simu Ijumaa baada ya swala, baraza likiwa limejaa. Usiwafundishe kitu, nakuomba sana. Waambie vimekwisha, na waende mmoja mmoja ndani kwa Zulfa wakampe pole. Watakuuliza Rashidy ametimiza sharti gani. Waambie hapakuwa na sharti.

Anakusalimu Zulfa, anakusalimu Winfrida. Wengine hawasemi nami, kwa hiyo sijui kama wanakusalimu.

Mungu akuzidishie elimu, na akujalie kuona inakofika ukishakata simu.

Mimi shangazi yako, nikupendaye pamoja na hayo yote,

Safina