Mwalimu Amemfundisha Mtoto Wangu Kungoja

Hapana bwana mshauri wa gazeti, mimi sijagombana na mwalimu, nakwambia mapema kabla hujauliza, hata nilimpelekea machungwa, shida ni mtoto wangu Ndinda, ako darasa la tano, na naomba unisaidie kwa sababu mama yake nikimwambia anacheka tu. Huyu Ndinda alikuwa moto, mwalimu hajamaliza swali yeye amejibu, akiona hesabu ya kutoa yeye anajumlisha, ikabidi mwalimu Rahab amuweke kwa darasa ya mchezo fulani, na wenzake wenye haraka kama yeye: mwalimu akiinua mahindi unasema maharagwe, akiinua maharagwe unasema mahindi, na akipiga makofi unanyamaza kabisa, ati inafundisha kichwa kufunga breki. Sawa, siku hizi hesabu anapata. Lakini mshauri, mtoto wangu alienda wapi? Zamani Jumamosi hapa soko ya Kibwezi mimi nikiita, "Machungwa! Tamu kuliko..." yeye anadakia, "...mke bila mahari!" watu wanacheka, wananunua. Juzi mama mmoja amesimama hapo kwa machungwa, nimeita, nikangoja Ndinda adakie, nikaita tena. Ananiangalia polepole, ananiambia, "Baba, wacha kwanza. Huyo mama analia." Nikaona aibu, kazi ikalala. Jioni tukienda nyumbani nageuka geuka nyuma kama mtu amepoteza mbuzi, na yeye ako hapo tu, kimya. Ninamkosa na tuko pamoja. Nataka kumtoa kwa hiyo darasa ya mchezo. Nitakuwa nimekosea?

Mbuvi, Kibwezi, 1987

Baba Ndinda,

Pole. Nyumba iliyozoea kelele ikinyamaza, inauma. Lakini kwani wewe husomi barua yako kabla ya kuitia stempu? Mama amekuja sokoni na machozi, wewe umeona mteja, mtoto wako ameona machozi. Hiyo ndiyo breki, na wewe unataka kuing'oa? Aibu ni yako, usimtwike mtoto. Na nani amekwambia mzaha wake umekwisha? Siku hizi anauchagulia mahali. Muulize anafikiri nini, halafu ufunge mdomo mpaka ajibu. Hapo ndipo kazi ilipo, nyinyi wachuuzi nawajua.

Wewe ni mtu wa biashara, basi tupatane. Jumapili mkitoka kanisani, keti mbele ya Ndinda, yeye ainue mahindi na maharagwe, wewe ujibu. Ukimaliza bila kukosea, mtoe darasani, sitasema neno. Ukikosea, na yeye acheke vile najua atacheka, anabaki kwa mwalimu Rahab mpaka mtihani wa la nane. Umekubali?