Lori la Hussam na Ile Taa ya Njano

Mount Druitt,
Sydney, Australia.
23 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Hemed,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na goti lako je? Wifi yangu Mwanaidi ameacha kukohoa? Kama bado anakunywa ile dawa ya mwaka jana, mwambie dada mkubwa kasema aitupe. Huku sote wazima, ila miye nilishikwa na mafua wiki mbili, nikalala kama gunia. Sasa nimeinuka, alhamdulillahi.

Anayeandika ni Nusra, mke wa mwanangu Hussam, maana kalamu unajua sikufundishwa kuishika. Nimemwambia aandike kila neno, hata yanayomchekesha. Kwenye simu masikio yako yamekwisha, tunapigiana kelele tu. Nina jambo limenichanganya kichwa, na dereva wa lori katika ukoo wetu ni wewe.

Hussam ana lori la dizeli, kuukuu, anabebea mboga kupeleka maduka ya Bankstown. Alilinunua wakati wa joto. Huku mwezi wa saba ndiyo baridi yenyewe. Usiniulize kwa nini. Jua lipo na halifanyi kazi.

Tangu baridi ianze, kila alfajiri natoka na blanketi langu, nasimama dirishani pa lori nimsomee dua ya safari. Anafungua swichi ya ufunguo kioo kishuke anisikie, maana kioo chenyewe cha umeme. Unanijua, sisomi fupi. Nasoma, naongeza yangu, nawataja wajukuu wote mmoja mmoja. Nikisema amin, anapiga stata, lori linawaka.

Nilipolala na mafua, lori likagoma. Likakohoa, likatoa moshi mweupe, kimya. Hussam akachelewa kazini. Akanunua betri mpya. Kesho yake likagoma vilevile. Tajiri wake akamwambia akichelewa mara ya tatu, mboga atapewa mtu mwingine abebe. Hemed, sita tunakula kwa lori hilo.

Nikamwambia, "Si unaona? Umeondoka bila dua."

"Mama, hiki ni chuma, hakijui dua."

"Na wewe kichwa maji, mbona dua inakusaidia?"

Lakini nikaona nisimwachie Mungu kazi yote. Nikakumbuka enzi zako za kupakia kabichi Lushoto, ulivyotusimulia mnaweka makaa chini ya injini asubuhi. Siku ya tatu nikaamka kabla ya Hussam, mafua na yote, nikatia makaa ya moto kwenye sufuria mbovu, nikaisukuma chini ya lori.

Basi jirani yetu Mzee Clifford akaruka uzio na nguo zake za kulalia, mpira wa maji mkononi, akayazima makaa na mimi nikalowa. Alichonifokea, Nusra amekataa kunitafsiria mpaka leo. Kumbe maisha yake yote ametengeneza malori. Hussam alipotoka kuwasha lori, Clifford akapanda kando yake, akamshika mkono kwenye swichi: ngoja. Taa ndogo ya njano ikawaka mbele ya usukani. Wakangoja. Ikazimika. Piga stata! Lori likanguruma. Bankstown alifika zimebaki dakika tatu.

Wanasema ndani ya injini mna vijiti vya chuma, lazima vipate moto kwanza. Taa ikizimika, viko tayari. Hussam kwa haraka zake alikuwa anapiga stata bila kuingoja. Nilipokuwa namsomea, alikuwa anangoja bila kujua.

Sasa yeye anacheka: "Kwa hiyo, Mama, wewe ulikuwa saa tu."

Saa! Miye niliyemzaa! Lakini Hemed, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Lori lilikuwa linawashwa na nani? Na kama ni vijiti, nani alinileta dirishani kila siku?

Jumamosi Clifford na Hussam walifungua injini, wakakuta vijiti viwili vimekufa, wakatia vipya. Nikaambiwa nisitoke tena kwenye baridi, hakuna haja.

Jana nikatoka. Kweli, taa ikazimika upesi, lori likawaka sijafika hata katikati ya dua. Nikanyamaza, nikarudi nyuma nimpishe. Hakuondoka. Gia hakuigusa. Akatoa kichwa dirishani:

"Mama, watoto bado hujawataja."

Nikaanza upya, tangu mwanzo, lori linanguruma. Na kazini akafika mapema.

Sasa wewe dereva niambie: taa imezimika, injini imewaka, alikuwa anangoja nini? Nijibu kwa barua, usipige simu.

Nisalimie Mwanaidi na wanao wote, na majirani wanaonikumbuka. Wasionikumbuka waache. Mungu akulainishie goti hilo na akuweke mpaka nije nikuone kwa macho yangu. Nimekutia kwenye dua ya lori, baada ya wajukuu.

Dada yako akupendaye, hata akikugombeza,
Bimkubwa