Dada Kagoma Kulala Chali

Shoga, keti kwanza.

Unakumbuka siku tuliyomzika mama, dada na tumbo lake akauliza, "Sasa nani ataingia na mimi leba?" Shangazi akajipa hiyo kazi.

Leo uchungu ukamshika. Mkunga akamwambia, "Panda kitandani, mama, ulale chali." Dada akasema hapandi. Atazaa amepiga magoti, kama mama alivyotuzaa sisi wote.

Hapandi! Dada huyu huyu anayeomba radhi akikanyagwa mguu!

Shangazi akaona haya. "Wewe mtoto, usituaibishe. Lala usaidiwe."

Dada akashika ukingo wa kitanda, akangoja uchungu upite, kisha akajibu taratibu, "Shangazi, kitanda si hicho hapo kitupu? Kama unakitaka sana, panda wewe."

Panda wewe! Mimi niko nyuma ya pazia, nimeuma mtandio nisicheke.

Mkunga ndiye aliyecheka kwanza. Akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akasema yako sawa. Akatandika shuka sakafuni, na yeye akapiga magoti. "Haya, mwenye mtoto ni wewe. Tuendelee."

Kichwa cha mtoto kilipochomoza, shangazi akageuka mbio. Unajua alikwenda wapi? Kitandani! Mtoto analia, shangazi amelala chali, anajipepea na kandambili.

Nimecheka mpaka nikalia, maana mama angeipenda hii.

Mtoto ni wa kike. Dada amelala ubavu, na shangazi anafua shuka.